Chanel No 5 au Arpège ya Lanvin: subiri saa moja kabla ya kulipa

Mtu akinusa Chanel No 5 na Arpège ya Lanvin moja baada ya nyingine dukani, mara nyingi huondoka akisema zinafanana, na kwamba zote mbili zina harufu ya sabuni ya bei. Hajakosea. Kwa robo saa ya kwanza zinafanana kweli, kwa sababu zote zinaanza na kundi lilelile la kemikali, aldehaidi. Taabu ni kwamba robo saa hiyo ndiyo wanunuzi wengi huitumia kuamua, ilhali ndiyo fupi kuliko zote katika maisha ya marashi mwilini. Utakachoishi nacho ni kile kinachobaki baada ya saa moja, saa nne, saa nane, na hapo hizi mbili zimeshaachana njia.

Hukumu naitoa mapema. Kwa mtu wa Nairobi anayetaka chupa moja ya kutumia mara kwa mara, hasa jioni na katika miezi ya baridi, Arpège ndiyo ununuzi bora. No 5 ina malighafi bora zaidi, na mchana ofisini inakaa vizuri kuliko Arpège, lakini inunuliwe kwa ukubwa mdogo na kwa aina inayofaa. Kukosea aina ya No 5 ndiko kunakopoteza pesa nyingi kuliko kukosea baina ya No 5 na Arpège.

Nikiandika EDP ni Eau de Parfum, na EDT ni Eau de Toilette, kama ilivyo kwenye boksi. Kwa kawaida EDP huwa na asilimia 15 hadi 20 ya mafuta ya manukato, EDT asilimia 5 hadi 15, na ile inayoandikwa Parfum au Extrait hufika 20 hadi 30. Kilichobaki ni spiriti na maji kidogo.

Aldehaidi zinafanya nini

Aldehaidi zinazohusika hapa ni minyororo ya kaboni, na namba iliyo kwenye jina ni hesabu ya atomu za kaboni. C-10 imo katika ganda la chungwa na katika majani ya dania. Kwaruza ganda la chungwa kwa ukucha na utaisikia ndani ya harufu inayoruka. C-11 inayotumika kwenye manukato ina harufu ya nta na nguo safi. C-12 ziko mbili: ile ya lauriki huegemea sabuni, na ile iitwayo MNA ni kavu, yenye mguso wa chuma na ubani. Zikinuswa peke yake bila kuzimuliwa hazipendezi hata kidogo; zinakumbusha mshumaa uliozimwa sasa hivi au mafuta yaliyochacha. Zikitiwa kwa kipimo juu ya asumini na waridi, hufanya kazi ya chumvi kwenye embe bichi: hukusudii kula chumvi, ila bila hiyo embe halisemi.

Lawama ya sabuni inafaa kuelezwa, maana ndiyo inayowafanya watu waziache hizi mbili mapema mno. Aldehaidi zilipopata sifa kwenye marashi ya bei ya juu, watengenezaji wa sabuni na poda walizichukua na kuzitumia kwa miongo mingi. Pua zetu zimekutana na sabuni kwanza, marashi baadaye. Kwa hiyo harufu ya usafi unayoisikia mwanzoni ni ya marashi haya kwa haki yake, na baada ya muda mfupi inapisha maua.

Wala No 5 haikuwa ya kwanza kutumia aldehaidi. Quelques Fleurs ya Houbigant, iliyotoka mwaka 1912, ilikuwa nazo tayari. Alichofanya Ernest Beaux, mtaalamu wa manukato aliyezaliwa Moscow, alipomtengenezea Gabrielle Chanel No 5 mwaka 1921, ni kuthubutu kipimo: alizitia kwa wingi kiasi kwamba zikawa sehemu ya sura ya marashi yenyewe badala ya kuwa msaada wa siri. Arpège ilifuata mwaka 1927, kazi ya André Fraysse na Paul Vacher, ikatolewa na Jeanne Lanvin kwa ajili ya binti yake Marguerite alipotimiza miaka 30. Mama na mtoto wanaoonekana kwenye chupa ni mchoro wa Paul Iribe, na chupa ya duara nyeusi ni ya Armand-Albert Rateau. Ni miongoni mwa chupa nzuri zilizowahi kutengenezwa, na inapendeza kwamba hata ile inayouzwa kwa bei nafuu leo bado inalifuata umbo hilo.

No 5, na kwa nini aina ni muhimu kuliko jina

No 5 EDP inafungua kwa aldehaidi, bergamoti (tunda la jamii ya chungwa) na neroli (mafuta ya maua ya mchungwa). Kufikia dakika ya kumi na tano au ishirini maua yanashika: asumini, waridi na langilangi, na chini yake mzizi wa irisi unaotoa ile hisia ya poda laini ya uso. Msomaji aliyekulia Pwani ana faida hapa. Langilangi anaijua, na mafuta yake yanayotumika kwenye No 5 yanatoka Komoro. Yanapokenekwa, mvuke hukusanywa kwa mafungu kadri saa zinavyopita. Fungu la kwanza ndilo jepesi na lenye harufu nzuri zaidi, na la mwisho ni zito na la bei ya chini, hutumika sana kwenye sabuni. Utamu ulioiva, karibu na ndizi, unaousikia katikati ya No 5 unatokana na langilangi. Asumini nayo si ileile ya vikuba vya Lamu na Mombasa. Ya vikuba ni *Jasminum sambac*, yenye ubichi kidogo na ukali wa chai; ya Grasse, kusini mwa Ufaransa, ni *Jasminum grandiflorum*, yenye tunda ndani yake na joto la ngozi. Ukitegemea kusikia kikuba, utasikia jamaa yake.

Baada ya saa moja na nusu hivi vanila, msandali, vetiva (mzizi wa nyasi yenye harufu) na miski vinapanda. Sehemu hii ya EDP ni tamu na ya mviringo. Ni fomula ya Jacques Polge ya mwaka 1986, na inaonyesha ladha ya miaka ile, wakati marashi yalikuwa yakiongezwa uzito.

EDT ni kitu kingine, kwa sababu kila aina ya No 5 imepangwa kivyake. Aldehaidi zake ni kali zaidi, vanila imepungua, mbao zimekauka. Wanaoipenda No 5 kwa usafi wake humaanisha EDT, hata wasipojua, kisha hununua EDP kwa kudhani kwamba ya ghali zaidi ndiyo nzuri zaidi, na kushangaa utamu umetoka wapi. Ile iitwayo No 5 L'Eau, ya Olivier Polge, ilitoka mwaka 2016. Imejaa machungwa na ndimu, ni nyepesi, na inaweza kumfaa kijana asiyevumilia aldehaidi. Sidhani ni ya kununuliwa kama mtu anataka kuijua No 5.

Parfum ndiyo kilele. Hapo ndipo asumini na waridi la Mei vya Grasse vinapokwenda, kutoka mashamba ya familia ya Mul yaliyo Pégomas, ambayo Chanel imeshirikiana nayo tangu 1987. Kampuni husema kichupa cha ml 30 kina maua ya asumini 1,000 na mawaridi 12. Haisambai mbali, inakaa karibu na ngozi, na katikati yake ina kina ambacho EDP haifikii. Lakini bei yake kwa mililita ni ya kutafakari sana, na asiyeweza kuijaribu mwilini siku nzima kwanza asiinunue.

Arpège

Mwanzo wa Arpège una aldehaidi zilezile za nta, ila zimefunikwa mapema na tunda, pichi iliyoiva, na maua yaliyochanganywa hivi kwamba huwezi kulitenga moja. Hapo ndipo inaposhindwa na No 5. Katikati ya No 5 unaweza kuonyesha kwa kidole: hili waridi, ile asumini. Katikati ya Arpège ni shada lililofungwa, na ukilinusa kwa karibu linaonekana jembamba zaidi; malighafi hazilingani, na bei inasema hivyo waziwazi. Kwa baadhi ya ngozi kuna kipindi cha uchachu mdogo kati ya dakika ya ishirini na arubaini. Kinapita. Ndiyo sababu nyingine ya kutoamua mapema.

Kisha, kuanzia saa ya pili, Arpège inafanya jambo ambalo No 5 EDP haifanyi: inaingia gizani. Vetiva, msandali, pachuli, vanila kidogo na utomvu wa ubani vinashikana, na harufu inakuwa ya mbao zenye joto. Haina utamu wa keki. Kwa pua iliyozoea udi, liwa na halud, huu ni mwisho unaofahamika, na naona ndiyo sababu kubwa ya Arpège kukubalika haraka na wanawake wa jamii za Waswahili na Wasomali hapa Nairobi kuliko jina lake linavyojulikana. Mwanamume pia anaweza kuivaa bila shida, hasa ikipulizwa chini ya shati nusu saa kabla ya kutoka.

Kuna jambo la kujua kwa wanaotafuta chupa za zamani. Arpège iliundwa upya mwaka 1993. Chupa za kabla ya hapo zina uzito na harufu ya mnyama ambavyo havimo kwenye ya sasa, lakini nyingi zimeshapoteza mwanzo wake kabisa. Usilipe bei ya kumbukumbu kwa chupa ya zamani iliyofunguliwa.

Kwenye hewa ya Nairobi

Maoni mengi yanayosomwa mtandaoni yameandikwa na watu wa miji iliyo karibu na usawa wa bahari, na wengi wao huvaa marashi ndani ya nyumba zenye hita. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Shinikizo la hewa hapa liko chini kwa karibu moja ya tano kuliko Mombasa, kwa hiyo spiriti na viambato vyepesi hupaa upesi zaidi. Ongeza hewa kavu ya Januari na Februari na ngozi iliyokauka, na sehemu ya juu ya marashi inakatika mapema. Aldehaidi na machungwa ndivyo vinavyoumia kwanza. No 5 EDT iliyopulizwa saa moja asubuhi Rongai, kwa mtu anayefika Upper Hill saa mbili na nusu, imeshapoteza kile alichoinunulia. Mombasa marashi hayohayo, kwenye unyevu, yangesikika kwa muda mrefu na kwa sauti kubwa zaidi, hata kupita kiasi.

Juni hadi Agosti mambo hugeuka. Asubuhi baridi, makoti, ngozi iliyofunikwa. Hapo harufu nzito haziamki haraka, na Arpège inakaa kwenye kitambaa cha shingoni mpaka jioni. Ndiyo miezi yake. No 5 EDP nayo inapendeza katika baridi hiyo, kwa kuwa vanila haipati joto la kuizidisha; mtu akiivaa Februari mchana kwenye matatu iliyojaa Thika Road, utamu ule unawalemea wenzake.

Kwa ngozi kavu, paka mafuta yasiyo na harufu kwanza, subiri dakika tano, kisha puliza juu yake. Mafuta hupunguza kasi ya kupaa. Losheni yenye harufu ya kakao au nazi itapigana na aldehaidi, na mara nyingi ndiyo chanzo cha malalamiko kwamba "marashi yamenibadilikia mwilini".

Namna ya kuzijaribu kwa haki

Nenda asubuhi, bila marashi wala losheni yenye harufu, ukiwa umekula. Puliza kila moja kwenye karatasi yake na uandike jina kwa kalamu. Acha spiriti ipae kwa sekunde thelathini kabla ya kunusa. Ukiwahi utanusa spiriti tu. Karatasi itakuambia kama mwanzo wa chupa ya testa, ile ya kujaribia dukani, bado mzima, na si mengi zaidi ya hapo.

Kisha puliza mara moja tu kwenye kila mkono, No 5 kulia na Arpège kushoto, ndani ya mkono katikati ya kifundo na kiwiko. Kifundo chenyewe huguswa na saa na bangili, na huoshwa unaponawa. Usisugue, kusugua kunapasha ngozi joto na kuharakisha ule mwanzo. Mwambie muuzaji waziwazi: "Dada, nitarudi baadaye, nataka kusikia inavyokaa." Muuzaji anayejua kazi yake hatakushikilia. Nusa dakika ya tano, ya ishirini, saa ya kwanza, saa ya nne. Kati ya kunusa, pumzisha pua kwa kunusa nguo yako mwenyewe au ngozi ya kiwiko isiyopulizwa. Punje za kahawa zinazowekwa kaunta hazipumzishi kitu; ni harufu nyingine kali uliyoongeza.

Ukifika saa ya nne na husikii lolote, muulize mtu mwingine kabla ya kusema imekwisha. Pua huzoea harufu iliyo karibu nayo, na baadhi ya miski hazisikiwi kabisa na watu fulani tangu kuzaliwa. Wapo wanaojipulizia upya adhuhuri kwa kudhani No 5 imeondoka, huku ofisi nzima ikiisikia.

Uamuzi sasa ni mwepesi. Kama saa ya nne mkono wa kulia, wa poda na vanila, ndio unaotaka kuunusa tena, chukua No 5. Kama ni wa kushoto, wa mbao, chukua Arpège. Kama uliipenda No 5 kwa dakika ishirini za kwanza tu, ukachoshwa na utamu wake baadaye, omba kujaribu EDT siku nyingine kabla ya kuikataa.

Kununua bila kuibiwa

Kwa bei ya No 5 EDP ya ml 50 iliyo halisi, mara nyingi utapata zaidi ya chupa moja ya Arpège EDP ya ml 100. Linganisha daima kwa mililita: gawanya bei kwa ujazo. Na umbali huo wa bei ni kipimo cha ulaghai pia. Mtu akikuuzia No 5 ya ml 100 kwa bei ya Arpège, iwe ni kwenye ghorofa la Eastleigh, River Road au kwenye ukurasa wa mtandao wenye picha nzuri, hiyo si No 5.

Feki ya No 5 ni nyingi kwa sababu chupa ni ya mraba, rahisi kuiga. Tazama msimbo wa herufi au tarakimu nne ulio chini ya boksi. Lazima uwe uleule ulio kwenye chupa. Karatasi ya plastiki ya nje iwe imekazwa bila mikunjo ya gundi. Kinyunyizio kitoe ukungu mwembamba, kisiteme matone. Parfum ya kichupa cha kizibo huwa imefungwa shingoni kwa uzi mweusi na lakiri. Lakini alama zote hizo zinaweza kuigwa, na kipimo kizuri zaidi ni muda. Feki nyingi hutengenezwa zifanane na No 5 kwa dakika mbili za kaunta. Hazina tabaka: baada ya saa mbili ama zimetoweka, ama zinanuka vilevile zilivyonuka mwanzo, tamu na bapa. No 5 halisi haiwezi kubaki ilivyokuwa.

Arpège haiigwi sana kwa kuwa haina faida ya kutosha kwa mwigaji. Hatari yake ni kukaa rafuni. Ni bidhaa isiyotoka haraka, hivyo unaweza kuuziwa boksi lililoketi miaka kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua. Kuna njia moja ya kukadiria umri: soma orodha ya viambato. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kiambato kiitwacho Butylphenyl Methylpropional katika vipodozi kuanzia Machi 2022. Marashi yoyote yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya, yenye jina hilo kwenye boksi, ni ya kabla ya hapo. Hayajaharibika kwa sababu hiyo, ila una haki ya kupunguziwa bei na kuomba kunusa kwanza.

Testa zinazouzwa katika boksi jeupe bila kifuniko zinaweza kuwa halisi kabisa, na kwa Arpège ni njia nzuri ya kuokoa pesa. Hakikisha tu haijatumika. Kwa No 5, testa bila risiti ya duka linaloeleweka ningeiacha.

Na yale mafuta ya kupimiwa kwenye vichupa, "aina ya No 5"? Wauzaji wa mafuta wanajua kazi yao, na kwa udi na miski mafuta yanashinda. Kwa marashi ya aldehaidi hayafai. Spiriti ndiyo inayozirusha aldehaidi hewani kwa pamoja. Kwenye mafuta zinabaki zimelala, unasikia nta na utamu, na ule mwanga wa mwanzo haupo. Usilaumu ustadi wa muuzaji. Ni tabia ya mafuta yenyewe.

Kuvaa

Ofisini, No 5 EDP mara mbili: moja kifuani chini ya nguo, moja nyuma ya shingo chini ya nywele au mtandio. Arpège kwa ofisi ni mara moja, na mapema. Harusini au kwenye chakula cha jioni, Arpège mara nne inabeba vizuri, na ukishafukiza nguo kwa udi, ipulize baadaye, si kabla. Moshi ukitangulia, mbao za Arpège zinaukuta na kukaa nao. No 5 juu ya udi huleta ugomvi, hasa EDP, kwa sababu vanila inageuza moshi kuwa kama sukari iliyoungua. Kanisani na msikitini, popote watu wanapokaa bega kwa bega muda mrefu, punguza idadi kwa nusu.

Usipulize moja kwa moja kwenye hariri, leso nyeupe au shifoni ya rangi hafifu. Vimiminika vyote viwili vina umanjano na vinaacha doa. Puliza kwenye bitana, au mwilini kisha usubiri dakika moja kabla ya kuvaa. Lulu na vito vya dhahabu bandia vivaliwe mwisho kabisa.

Kuzitunza, na ukubwa wa kununua

Aldehaidi huungana na oksijeni ya hewani na kugeuka asidi za mafuta. Ndiyo maana marashi haya huharibika kuanzia juu: chupa iliyochoka hufungua kwa harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa au ya vanishi, kisha baada ya robo saa maua yanatoka yakiwa salama. Chupa kama hiyo haistahili kutupwa. Ipulize mwilini nusu saa kabla ya kukutana na watu. Na kama chupa imekaa wiki kadhaa bila kuguswa, puliza mara mbili kwenye tishu kwanza, kwa kuwa kimiminika kilichobaki kwenye mrija wa kinyunyizio huchakaa kabla ya kilicho ndani.

Adui ni joto, mwanga na nafasi tupu ndani ya chupa. Bafuni kwenye bomba la maji moto ni mahali pabaya, kadhalika meza ya kioo karibu na dirisha na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani. Kabatini, ndani ya boksi lake, panatosha. Friji haihitajiki kwa hali ya hewa ya hapa. Kioo cheusi cha Arpège kinaikinga na mwanga, No 5 haina kinga hiyo, kwa hiyo boksi la No 5 usilitupe hata kama chupa ni pambo.

Kinyunyizio cha kawaida hutoa kama ml 0.1 kwa kubonyeza mara moja. No 5 EDP ya ml 35 ina mipulizo kama 350: miwili kila siku ya kazi, siku ishirini na mbili kwa mwezi, inafika karibu miezi minane, na katika muda huo mwanzo wake bado uko hai. Ya ml 100 kwa mtumiaji huyohuyo ingekaa karibu miaka miwili, ikizidi kujaa hewa kadri inavyopungua, na nusu ya pili asingeipata No 5 aliyoilipia. Kwa Arpège chukua ml 100 bila wasiwasi. Mara nne kwa siku inakwisha ndani ya siku 250 hivi, na mwisho wake wa mbao hautegemei sana aldehaidi.

Kwa kuwa weusi wa chupa ya Arpège hauonyeshi kilichobaki, ipime kwenye mizani ya jikoni siku unapoifungua, ikiwa na kifuniko chake, na uandike uzito huo chini ya boksi. Mililita moja ya EDP ina uzito wa kama gramu 0.85. Ikishapungua gramu 70, umebakiwa na chini ya ml 20, na ni wakati wa kuanza kuulizia nyingine, kwa sababu si kila duka mjini huiweka.